Makombora Yaliyopita Juu ya Vichwa



Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, huko Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, Brigedi ya 201 ya jeshi la Tanzania, JWTZ, ilimiminiwa makombora na Walibya waliokuja kumwokoa Idi Amin wa Uganda. Mengi yalipita juu ya vichwa. Waliouawa hawakuwa wengi, lakini kishindo kile kiliwatosha vijana ambao hawakuwahi kupigana, wengi wao mgambo, wakatimka. Kulipokucha walijipanga upya wakashambulia kutoka mbele, Brigedi ya 208 ikawazunguka Walibya, na mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka. Vitabu vya historia hupita hapo haraka. Mimi nina swali la kitabibu: mtu ambaye kombora halikumgusa, amejeruhiwa au hajajeruhiwa?

Kwa utaratibu wetu, hajajeruhiwa. Fidia huhesabu miguu na macho.

Askari wa kudumu aliporudi alirudi kambini, akaishi na watu waliousikia mlio uleule. Akishtuka usiku, wa kitanda cha pili anajua. Mgambo alirudi kijijini. Alipokewa kwa vigelegele, pengine kwa mbuzi, kisha akakabidhiwa jembe katika nchi ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameiambia ifunge mikanda kwa miezi 18. Mke alipoona mume hasemi, au anasema kwa ngumi, alikwenda kwa mganga. Simlaumu, zahanati ilikuwa na klorokwini.

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe katika mwongozo wake. Tunapenda kuwasifu madaktari hao, ila kazi ilianza kwingine. Miaka kumi kabla, mjini New York, askari waliotoka Vietnam walianza kukutana na kuzungumza wao kwa wao, na madaktari kama Robert Lifton na Chaim Shatan wakaalikwa kuketi nao. Wenye maradhi walitangulia, tiba ikafuata. Mgambo wetu, aliyetawanywa mmoja Tarime, mwingine Songea, alinyimwa hasa kitu hicho: mwenzake.

Nitaambiwa tunazo mila. Ni kweli. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda humkanyagisha yai kijana aliyetoka msituni kabla hajaingia nyumbani, na nani asiyeona hekima yake? Ukoo mzima unamtangazia kwamba yeye ni wa kwao. Lakini jinamizi halina tarehe. Hurudi mwaka wa tatu, mavuno yakiharibika, wakati walioshuhudia yai wameshasahau.

Kila Julai 25 tunaweka mkuki, ngao na maua kwenye mnara kwa ajili ya waliokufa. Waliobaki tunawaweka chini ya turubai, tunawapa soda.

Wengi wao sasa wamepita miaka 65. Wanakuja hospitali za wilaya na shinikizo la damu, kukosa usingizi, na pombe, na faili haioneshi popote kwamba mzee huyu alipigana. Idara yangu inaanza na jambo dogo: wanafunzi wetu wanaokwenda mafunzo kwa vitendo watamuuliza kila mwanamume wa umri huo, baada ya salamu, kama alivuka Mto Kagera kwenda vitani, na alikuwa kikosi gani. Akiwapo wa kikosi hicho tarafa ya jirani, wapangiwe kliniki siku moja.