Daftari la Pensheni
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimeambiwa niseme habari za malipo ya uzeeni. Mwajua mimi si karani. Lakini jambo hili si la makarani peke yao, maana kila mwezi shilingi zetu hukatwa, nasi twatia slipi mfukoni bila kuisoma.

Kumbukeni wazee wetu. Reli hii ilikuwa ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, haki za wafanya kazi zilibaki, lakini nani alipe? Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, na kila serikali ikachukua mzigo wa raia zake. Hata hivyo wazee wa Tanzania walikwenda mpaka mahakamani, na mwaka 2005 ndipo walipopatana na serikali yao. Hesabuni wenyewe, ni miaka 28. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Katika madai kama hayo, mwenye karatasi yake hudai, asiye nayo huomba.

Basi ziko hesabu za namna mbili. Ya kwanza ni ya mtu mmoja: siku aliyoandikwa kazi, mshahara wake, makato yake. Ya pili ni ya mfuko mzima, nayo ndiyo tunayoisahau: wangapi wako kazini, wazee wangapi hulipwa, mali ni kiasi gani, deni ni kiasi gani, na je, mwajiri amepeleka sehemu yake au ameikalia?

Mfuko wa wafanya kazi wa Reli ya Kenya ulianzishwa mwaka 2006, wakati reli ilipokuwa ikikodishwa, ukapewa ardhi na majumba. Ardhi ni mali, sikatai. Lakini mzee hawezi kula ploti; lazima iuzwe au ilete kodi kwanza. Ukiambiwa mfuko wowote una mali nyingi, uliza ngapi ni fedha na ngapi ni udongo.

Tena, shilingi 1,000 ikizaa asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 30 itakuwa shilingi 7,612. Ikizaa asilimia 5, itakuwa 4,322 tu. Watunza mfuko wakitumaini 7 na wapate 5, leo hutaona kitu. Utaona siku ya kustaafu. Kwa hiyo swali letu liwe hili: mlitumaini ngapi, mkapata ngapi?

Wenzetu wamekwisha kuanza. Kule Marekani, Boston College pamoja na wenzake wamekusanya hesabu za mifuko zaidi ya 200 ya wafanya kazi wa majimbo na miji, tangu mwaka 2001, na mtu yeyote aweza kuzisoma bure. Mwalimu wa jimbo moja aweza kulinganisha mfuko wake na wa jirani. Sisi hatujui hata wa wenzetu wa bandarini.

Ndugu mmoja ameniuliza kama mwajiri hatakasirika. Akasirike kwa nini? Sheria ya mwaka 1997 na kanuni zake zataka mwanachama apewe taarifa ya akiba yake kila mwaka. Lakini mshahara wa mtu usisomwe hadharani, wala namba ya kitambulisho isitoke kwa katibu. Tutakazopelekea matawi mengine ni jumla tu.

Fomu ziko kwa katibu. Leteni slipi za miezi mitatu ya karibuni na barua ya kuandikwa kazi, na kwanza tazameni kama jina ni lile lile la kitambulisho, maana herufi moja huweza kuchelewesha malipo. Walio katika gengi za mbali wasimpe nyapara. Nitapita mwenyewe Jumamosi.