Mapenzi na Uhuru katika Sinema ya Unguja

Leo tunataka kuwaelezeni habari za sinema iitwayo "Vuta N'kuvute". Bwana Amil Shivji aliitengeneza kutoka katika kitabu cha Bwana Adam Shafi, nayo mwaka 2021 ilioneshwa hata Toronto, katika nchi ya Kanada.

Habari yenyewe ni ya Unguja katika miaka ya 1950, zamani za utawala wa Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, anaikimbia ndoa asiyoitaka. Anakutana na Denge, kijana apiganiaye uhuru. Mapenzi yao hayana makelele. Huonekana katika kutazamana na kunyamaza, huku siasa ya dola kubwa ikiwavuta huku na huku.

Sisi wa nchi ya mahari ya ng'ombe tusidhani kwamba hayo ni mambo ya pwani tu. Binti aozwaye bila kuulizwa, na nchi itawaliwayo bila kuulizwa, shida yao ni moja. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Je, binti zetu nyumbani tumekwisha kuwauliza? Tuyafikiri hayo.