Mtoto Anapotaka Kuwa Dijei: Stima, Masikio na Usalama Nyumbani

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha ushuke pole pole)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea na kazi, lakini sogeza redio karibu. Kama una kijana nyumbani, mwite naye aje asikilize. Mazungumzo ya leo ni yake pia.

Wiki zilizopita tumeongea juu ya kuhara, chanjo na chakula cha mtoto. Leo nataka tuongee juu ya mashine za dijei. Najua mtauliza, "Sista, hayo yanahusu afya kwa njia gani?" Yanahusu. Vijana wengi wakimaliza kidato cha nne sasa wanatafuta riziki kwa kupiga muziki harusini, kwenye sherehe na hata kwenye matatu. Mashine zinanunuliwa zikiwa zimetumika, zinaletwa nyumbani, zinafungwa sebuleni pale watoto wadogo wanapocheza.

Nitawaeleza kisa kimoja. Mama mmoja alikuja kliniki na watoto wake wawili siku moja. Msichana wa miaka sita alikuwa ameungua vidole vya mkono wa kulia. Alikuwa ameshika waya wa ekstensheni uliochunika, nyuma ya spika. Stima ilimtupa chini, na kwa bahati nzuri waya ukamtoka mkononi. Nilipokuwa nikimhudumia, niliona kaka yake amesimama mlangoni. Nikimuuliza jambo, ananiangalia mdomo. Nikageuka nikauliza tena, hakujibu. Mama akasema, "Huyu siku hizi ana kiburi, ukimwita hajibu." Haikuwa kiburi. Kijana alikuwa hasikii vizuri.

Mama huyo alikuwa amechukua mkopo wa chama kumnunulia mwanawe mashine hizo. Aliniuliza, "Sista, nizitupe?" Sikumjibu haraka, kwa sababu kuzitupa kungekuwa kutupa kazi ya kijana na pesa za chama. Nilimwambia nitawatembelea nyumbani. Haya ninayowaambia leo ndiyo tuliyoyafanya siku ile.

KWANZA, STIMA

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Hiyo inatosha kuua mtu mzima, sembuse mtoto. Nyumba ya mama yule ni ya mabati. Waya uliochunika ukigusa ukuta wa mabati, nyumba nzima inaweza kushika stima. Kwa hivyo kabla ya muziki wowote, mwite fundi wa stima aliyesomea kazi hiyo na mwenye leseni aangalie soketi, swichi kubwa na waya wa kwenda ardhini. Mwulize pia kuhusu kifaa kinachokata stima chenyewe mtu anaponaswa. Pesa utakayolipa ni kidogo kuliko gharama ya mazishi.

Kisha kagua kila waya kwa macho, stima ikiwa imezimwa. Waya uliochunika hauzungushiwi karatasi ya nailoni. Unabadilishwa. Usichomeke waya mbili tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Usitumie kalamu kufungua soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Fyuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya mahali pake. Fyuzi ndiyo askari wa nyumba, na ukimwondoa, moto ndio utakaokwambia kwamba kuna shida.

Kuna jambo moja ambalo vijana hufundishana vibaya. Spika zikitoa mlio wa "mmmm" usioisha, wengine hukata ule mguu mrefu wa plagi, au waya wa kijani na manjano, ili mlio uishe. Mlio unaweza kuisha kweli, lakini ule ndio waya unaopeleka stima ardhini kukiwa na hitilafu. Ukishaukata, stima hiyo itapita mwilini mwa mwanao. Njia salama ni kuchomeka mashine zote kwenye ekstensheni moja nzuri, na kutenga waya za stima na waya za sauti. Na kama kijana akigusa miksa au kipaza sauti anahisi kutekenywa na stima, hata kidogo, azime kila kitu mara moja na fundi aitwe. Kipaza sauti kinashikwa kwa mkono na kuwekwa karibu na midomo. Si kitu cha kufanyia mzaha.

Soketi moja yenye fyuzi ya ampea 13 hubeba karibu wati 3,000. Pasi na birika la stima peke yake zinaweza kumaliza uwezo huo. Kwa hivyo wakati wa muziki, pasi isiwe kwenye ekstensheni hiyo. Kama ekstensheni ni ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ifunguliwe yote, kwa maana ikibaki imejiviringa hupata joto na inaweza kuyeyuka.

Mahali pa mashine pawe pakavu, mbali na paa linalovuja, meza iwe imara, na kijana avae viatu. Vikombe vya chai na chupa za soda zisikae juu ya meza hiyo. Waya zipitishwe kando ya ukuta, zisining'inie. Mtoto anayetambaa akivuta waya, spika inaweza kumwangukia, na waya mrefu unaweza kumkaba shingo. Zile betri ndogo bapa kama shilingi, zinazokaa kwenye rimoti na taa za mapambo, zifungiwe mbali. Mtoto akimeza moja, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje itoke. Inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa chache.

Kama mnatumia jenereta, iwe nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

JE, MTU AKINASWA NA STIMA?

Usimshike! Utanaswa pia. Zima swichi kubwa. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, umsukume atoke kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akishaachana na stima, angalia kama anapumua. Kama hapumui, piga kelele watu waite msaada, weka viganja vyako katikati ya kifua chake, kimoja juu ya kingine, ubonyeze kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Kijana wako anajua mwendo huo. Ni mwendo wa nyimbo nyingi za kucheza.

Akiwa ameungua, mwagia hapo maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Na hata kama ameinuka na anacheka, mpeleke hospitali. Stima inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na isionekane kwa nje.

PILI, MASIKIO

Mama msikilizaji, ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo sana zenye vinywele. Ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huzilaza kama upepo ulazavyo mahindi. Zikipumzika, nyingi huinuka. Zikipigwa kila siku, zinakufa, na zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, wala matone, wala mafuta moto. Naomba usimtie mtoto mafuta masikioni.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa usalama kazini wanasema mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika kumbi na sherehe kiwango cha wastani kisizidi desibeli 100. Shirika hilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa.

Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ikiwa lazima upige kelele ndipo akusikie, muziki umezidi. Ziko pia programu za simu zinazopima sauti. Hazilingani na kipimo cha fundi, lakini zinakupa picha.

Dijei huumia zaidi kwa sababu ya hedifoni. Anahitaji kusikia wimbo unaofuata, na spika zinamzidi, basi anaongeza hedifoni. Dawa yake ni kupunguza spika kwanza, kisha hedifoni itatosha ikiwa chini. Spika zielekezwe mbele, mbali na kichwa chake. Akienda kwenye sherehe avae viziba masikio maalum. Pamba na karatasi ya chooni hazizuii kelele ya kutosha.

Dalili za kuangalia ni hizi: mlio masikioni baada ya muziki, kusikia kama masikio yamezibwa, kuongeza sauti ya televisheni, kusema "ati?" kila mara, na kutosikia sauti nyembamba kama za watoto. Haya hayaleti maumivu, ndiyo maana watu huchelewa. Mlio ukiendelea zaidi ya siku moja, au usikivu ukipungua ghafla, nenda hospitali haraka na uombe kuonwa kwenye kitengo cha masikio, pua na koo.

TATU, KUFUNGA NA KUJIFUNZA

Sasa kijana, njoo karibu. Mama, nawe sikiliza, ili uweze kumkumbusha.

Ukiwa unafunga mashine, unganisha waya zote kwanza, sauti zote zikiwa chini, stima ikiwa imezimwa. Kisha washa laptopu na mashine ya dijei au miksa. Ampulifaya au spika zenye nguvu ziwashwe mwisho. Wakati wa kuzima, anza na hizo za mwisho. Ukikosea mpangilio huu, spika hutoa mshindo mkubwa unaoumiza masikio na kuharibu spika. Stima ikipotea, zima na kuchomoa kila kitu. Inaporudi huweza kurudi kwa nguvu.

Taa za miksa ziwe kijani, na manjano mara moja moja. Nyekundu ina maana sauti imezidi na inakatika. Dijei anayekaa kwenye nyekundu si hodari. Anaharibu spika za watu.

Anza na nyimbo mbili unazozijua. Hesabu mapigo: moja, mbili, tatu, nne. Usiguse kitu chochote mpaka uweze kuhesabu bila kupotea. Kisha linganisha mwendo wa nyimbo mbili kwa kile kitelezi cha kasi. Wimbo wa pili uanzishe kwenye "moja", ukipunguza nzito za wimbo wa kwanza pole pole. Yote haya yanafundishika kwa sauti ndogo. Kwa kweli sauti ndogo ni mwalimu mzuri, kwa sababu kosa linasikika. Fanya mazoezi dakika 40, kisha pumzisha masikio dakika 15.

Kumbuka majirani pia. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka viwango vya mitaa ya makazi, na usiku viko chini zaidi kuliko mchana. Kuna mtoto mchanga upande ule wa ukuta, na kuna mgonjwa.

Sasa nimalizie kile kisa. Kijana yule alipimwa hospitalini. Sikio la kushoto lilirudi karibu sawa baada ya kupumzika. La kulia halikurudi. Sikumficha, na mama yake alilia pale pale. Lakini hakuzitupa mashine. Alikubaliana naye masharti: fundi kwanza, hakuna muziki baada ya saa mbili usiku, viziba masikio kila kazi, na dada yake asiingie chumba kile. Kijana bado anapiga muziki wa harusi, na mkopo wa chama umelipwa. Akiwa nyumbani, hukaa upande ambao sikio lake zuri linamwelekea mama.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Fundi wa stima kwanza, muziki baadaye.
2. Usikate waya wa kwenda ardhini kamwe.
3. Aliyenaswa usimshike. Zima swichi kubwa.
4. Ukipiga kelele ndipo usikike, punguza muziki.
5. Mlio masikioni ni onyo. Usiuzoee.

Na wewe mama, ukimwita mwanao mara mbili asiitike, kabla ya kumgombeza, mwite kutoka nyuma kwa sauti ya chini. Ukiona hajageuka, mlete kliniki. Kinga ni bora kuliko tiba.

(Muziki wa kufunga kipindi, kwa sauti ya chini)