Mlango wa Maktaba ya Kacyiru



Mtaa wa Kacyiru mjini Kigali una majengo mengi ambayo askari hahitaji kuelezwa maana yake. Makao Makuu ya Polisi ya Taifa ya Rwanda yako huko. Ziko wizara, na uko ubalozi wa Marekani. Katika ujirani wa majengo hayo yenye malindo ya mchana na usiku liko jengo jingine la ghorofa chache, ambalo halina siri ya kulindwa wala halitoi amri kwa mtu yeyote. Jengo hilo ni Maktaba ya Umma ya Kigali. Maktaba kwa Kinyarwanda ni isomero, yaani mahali pa kusomea. Kitenzi gusoma katika lugha hiyo kina maana ya kusoma, na pia kina maana ya kupiga funda la kinywaji. Mtu akiona jinsi watu wanavyokusanyika mahali hapo atakubali kwamba lugha haikukosea.

Wako wanaodhani kwamba maktaba ni nyumba ya ukimya, ambamo mzee mwenye miwani huwakaripia wanaokohoa. Chumba cha kusomea ni kimya, na hapana budi kiwe kimya, lakini maktaba nzima si chumba kimoja. Iko sehemu ya watoto, ambako vitabu vya picha hushushwa kutoka rafuni na kusomwa kwa sauti. Ziko kompyuta zenye intaneti, ambako kijana asiye na kazi huandika barua yake ya maombi bila kumbembeleza mtu mwenye ofisi. Hufanyika pale mijadala, maonyesho ya picha na usomaji wa mashairi. Juu kabisa, kwa miaka mingi, pamekuwa na mkahawa, ambako mtu aliyechoka na hesabu zake aliweza kunywa kahawa ya nchi hiyo huku akitazama vilima vya jiji. Mwanafunzi wa sekondari ambaye nyumbani kwao watu wanne hulala chumba kimoja hupata pale vitu vitatu ambavyo hakuna mwalimu awezaye kumpa: meza, kiti na taa. Na akiinua macho kutoka kwenye kitabu chake huona wenzake, na huenda yule aliyeketi mbele yake ni mtoto wa waziri, au ni polisi aliyevua sare baada ya zamu.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Maktaba hii, ya kwanza ya namna yake nchini, ilifunguliwa mwaka 2012. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka 50. Kwa kulinganisha, Tanzania ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ikafunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, wakati nchi yenyewe ikiwa na umri wa miaka 6. Si kwamba Rwanda haikuwa na vitabu. Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilikuwa na maktaba yake. Seminari za Kanisa zilikuwa na zake. Mjini Kigali kilikuwapo kituo cha utamaduni cha Wafaransa. Lakini chuo kikuu kilikuwa cha waliochaguliwa, seminari ilikuwa ya walioitwa, na kituo cha kigeni kilikuwa cha wanaojua Kifaransa tena wenye ujasiri wa kupita mlangoni kwa wageni. Muuza mboga wa Kimisagara hakuwa na mlango wake.

Wazo la kujenga mlango huo halikutoka serikalini. Lilitoka kwa wanachama wa klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga, mnamo mwaka 1999, yaani miaka 5 tu baada ya mauaji ya kimbari, wakati nchi ilikuwa bado inafukua makaburi na magereza yamefurika. Yafaa mtu ajiulize ni watu wa namna gani wanaokaa kitako katika hali kama hiyo na kufikiria vitabu. Hata Polisi ya Taifa yenyewe ilikuwa haijaundwa, kwani iliundwa mwaka 2000. Fedha zilichangwa nchini na ng'ambo, wakatokea na marafiki wa maktaba hiyo huko Marekani, ujenzi ukaenda kwa kusuasua, na mwisho serikali ikatia mkono kazi ikamalizika. Tangu wazo hadi ufunguzi ilipita zaidi ya miaka kumi. Kambi ya askari elfu hujengwa kwa muda mfupi zaidi.

Waanzilishi wale walikuwa na sababu yao, na sababu hiyo inaigusa redio. Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo redio haipendi kulisema juu ya nafsi yake.

Mwezi Machi 1992, Radio Rwanda, iliyokuwa redio ya serikali, ilitangaza tena na tena taarifa iliyodaiwa kutoka kwa kikundi cha haki za binadamu mjini Nairobi, kwamba Watutsi walikuwa wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Taarifa ilikuwa ya uongo. Katika eneo la Bugesera, kusini ya Kigali, Watutsi waliuawa na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata, mwezi Julai 1993, ikaanza kusikika redio ya binafsi ya RTLM, ambayo hadi Julai 1994 ilichochea mauaji na hata kutaja majina ya watu na mahali walipo. Sauti ya redio ina sifa moja ambayo kila askari wa mawasiliano anaijua: aliye upande wa pili wa chombo hawezi kuisimamisha aiulize swali. Inapita. Kurasa za kitabu zinaweza kurudiwa, kitabu kimoja kikawekwa kando ya kingine, na msomaji akamwuliza jirani yake kama naye ameelewa hivyo hivyo. Mkulima wa Bugesera, na askari aliyekuwa zamu huko mwezi ule, hawakuwa na mahali pa kufanya hivyo.

Lakini tahadhari yahitajika hapa. Watu wengine huruka haraka na kusema kwamba kama Rwanda ingekuwa na maktaba, mauaji yasingetokea. Hilo si neno la kweli, na anayelisema hajalifikiri. Mkurugenzi wa shirika la habari la serikali wakati taarifa ile ya Machi 1992 iliposomwa alikuwa Ferdinand Nahimana, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Mtu huyo hakuwa mjinga asiyeona herufi. Alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa, mwenye shahada ya udaktari, mwandishi wa vitabu juu ya historia ya nchi yake. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani tarehe 3 Desemba 2003 pamoja na wenzake wawili, akahukumiwa kifungo cha maisha, ambacho rufani ilikipunguza mwaka 2007 kikawa cha miaka 30. Vitabu alikuwa navyo, tena vingi kuliko Wanyarwanda wengi. Havikumzuia.

Basi tofauti haiko katika wingi wa vitabu. Iko katika swali la nani anaweza kuvifikia. Pale ambapo kusoma ni mali ya wachache, msomi huweza kusema atakalo juu ya historia, na umma hauna njia ya kumwambia, 'Ndugu, ukurasa huo hausemi hivyo.' Maktaba ya umma haimfanyi mtu kuwa mwema. Inampunguzia msomi mbaya nafasi ya kuwa peke yake na ukurasa. Ndiyo maana jambo la maana katika jengo la Kacyiru ni ule mkusanyiko wa watu, na hasa mchanganyiko wao, kuliko hesabu ya vitabu vilivyomo.

Kuhusu vitabu vyenyewe, hali si ya kujisifu sana. Vingi vilitolewa msaada kutoka ng'ambo, na msaada wa vitabu una kawaida ya kuja kwa lugha ya mtoaji, ukieleza theluji kwa mtoto ambaye hajaiona. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika ufundishaji, na kwa hiyo kizazi kizima cha walimu kikajikuta kwenye dawati la mwanafunzi. Vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda vilikuwa haba mno kabla ya mwaka 1995, lilipoanzishwa shirika la uchapishaji la Editions Bakame. Bakame ni sungura, yule yule mjanja anayejulikana kwa watoto wa pwani na wa bara. Mwaka 2008 shirika hilo lilipata tuzo ya kimataifa kwa juhudi yake ya kuwafikishia watoto usomaji. Mtoto anayeanza na sungura wa kwao husoma mbali zaidi. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na hilo linawahusu moja kwa moja wasikilizaji wenye sare, kwani wengi wa waanzilishi wa jeshi lililosimamisha mauaji mwaka 1994 walikuwa wamepata mafunzo katika jeshi la NRA la Uganda, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini. Lugha ya gwaride imepata hadhi ya darasani. Sasa inangoja vitabu.

Mtu anaweza kuuliza askari ana kazi gani na maktaba. Ana kazi ya kwanza kabisa, nayo iko mlangoni.

Mijini siku hizi majengo ya umma hayaingiwi bila ukaguzi. Mikoba hufunguliwa, mwili hupitishwa mashine. Haja ya ulinzi huo hakuna anayeibishia. Lakini mlinzi akiwa na jicho la kupima viatu, anaweza kuifunga maktaba bila kugusa kitasa. Mwanafunzi mwenye kandambili akiulizwa kwa ukali anakwenda wapi, atajibu kwamba amepotea njia, na hatarudi tena. Mama aliyebeba mtoto mgongoni akiambiwa asubiri wakati mwenye tai anapita, atakuwa amefundishwa somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ndani. Miaka kumi na zaidi ya kuchanga fedha inaweza kuharibiwa na sentensi moja ya getini. Na kinyume chake ni kweli: mlinzi anayeamkia watu, anayejua sehemu ya watoto iko upande gani, huyo amekwisha kuwa mtumishi wa maktaba kabla mkutubi hajainua kichwa. Koplo mlangoni ana madaraka makubwa kuliko mkurugenzi ghorofani.

Kazi ya pili iko mbali na nyumbani. Mwaka 2012 wapiganaji waliuteka mji wa Timbuktu nchini Mali, mji wenye maandiko ya kale ya Kiislamu yaliyotunzwa na familia kwa karne nyingi. Wakutubi wa mji huo, chini ya uongozi wa Abdel Kader Haidara, waliyatia maandiko ndani ya masanduku ya chuma na kuyatorosha kidogo kidogo kwa magari, punda na mitumbwi hadi Bamako. Wapiganaji walipokimbia mwezi Januari 2013 waliyachoma yale machache waliyoyapata, lakini sehemu kubwa ilikwisha kuokoka. Mwezi Aprili mwaka huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha kikosi cha kulinda amani nchini Mali, na miongoni mwa kazi zake likataja kusaidia kuhifadhi mahali pa utamaduni na historia. Kamanda wa kwanza wa kikosi hicho alikuwa Mnyarwanda, Meja Jenerali Jean Bosco Kazura.

Askari wa Afrika Mashariki hupelekwa Sudan Kusini, Afrika ya Kati na Kongo. Akifika katika mji uliovunjwa huonyeshwa kwenye ramani daraja, kisima, hospitali na kiwanja cha ndege. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unamtaka aijue pia maktaba, na ana alama yake ya ngao ya buluu na nyeupe. Ni vigumu kwa askari kuilinda nyumba ambayo yeye mwenyewe hajapata kuingia hata siku moja kwao. Atakapoona karatasi zimetawanyika sakafuni ataziona kuwa takataka za kuwashia moto wa chai.

Kwa sababu hiyo, afisa anayetoa ruhusa ya kutoka kambini siku ya Jumamosi hana haja ya kuandika waraka mrefu. Kutoka Makao Makuu ya Polisi ya Kacyiru hadi maktaba ni mwendo wa miguu. Konstebo anayejiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo atapata pale kiti kama raia mwingine yeyote, na akiomba kuazima kitabu ataandikwa kama wao. Bunduki ataiacha ghalani. Mlangoni atafungua mkoba wake, na mlinzi aliye zamu ataukagua.