Anayekushika Mkono Zamu ya Kwanza

Leo tunawasalimu kutoka Kikuubo, katikati ya Kampala.

Kwa Kiganda, kikuubo ni kichochoro. Hapa wachukuzi wanakupita na magunia ya sukari na katoni za sabuni, wakikupigia kelele uwapishe. Tazama duka lolote la jumla. Kijana mgeni hakabidhiwi hesabu siku ya kwanza. Anasimama kando ya mzoefu, anajifunza wateja na bei. Siku moja mzoefu anatoka kunywa chai, anamwachia duka. Hapo ndipo kijana anapoanza kukomaa.

Uuguzi nao uko hivyo. Si mbali na hapa, kwenye kilima cha Namirembe, ipo hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897. Mwaka huohuo alifika muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye aliolewa na Daktari Albert Cook. Yeye ndiye aliyeanzisha shule ya wakunga ya Mengo. Wasichana wa Uganda walijifunza kwake, kisha wakatumwa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Huko daktari alikuwa mbali. Wao ndio walioamua.

Kambini kuna wauguzi waliokimbia vita na ujuzi kichwani, vyeti vikabaki nyuma. Ni kweli, ili ufanye uuguzi Uganda ni lazima usajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na mlezi wa kazi hawezi kukupa leseni. Lakini anaweza kukuonyesha namna ya kukabidhi zamu, kuhesabu dawa kabla hazijaisha, na kuzungumza na mama aliyefiwa na mtoto.

Dada, kaka, wewe uliye mzoefu: chagua kijana mmoja. Akikosea, mzuie asimdhuru mgonjwa, kisha mrekebishe pembeni, si mbele za watu. Akiweza, mwachie aongoze kikao cha asubuhi, nawe ukae nyuma yake.

Nawe kijana unayejitolea kituoni, usingoje kuitwa. Mwendee muuguzi unayemheshimu, umwambie: "Mama, naomba nitembee nawe wodini." Kwani siku yule mzoefu atakapohamishwa au kurudi kwao, wagonjwa watabaki. Je, nani atakuwa amejua kazi?