WANAWAKE WAKIMBIZI NA SAFARI YA KUNI

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya wanawake wakimbizi. Wako watakaouliza, chama cha wafanyi kazi kina haja gani na mambo hayo? Nawajibu kwa habari ya kuni.

Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilianza kufunguliwa mwaka 1991 watu walipokimbia vita vya Somalia. Posho ilitolewa. Lakini unga hauliwi mbichi, na kuni hazikutolewa. Basi mwanamke akaenda porini, na kadiri miti ya karibu ilivyokwisha ndivyo alivyokwenda mbali zaidi. Huko mashifta walimngojea. Mwaka 1993 walionajisiwa, wale walioandikwa tu, walipita 100. Wengi hawakusema, maana aliyesema aliweza kuachwa na mumewe. Na mahakama ilikuwa Garissa, mwendo wa kilomita kama 100.

Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, ambayo Kenya iliyakubali mwaka 1966, yanataja sababu tano za mtu kuhesabiwa mkimbizi: rangi, dini, taifa, kikundi chake na mawazo ya siasa. Kuonewa kwa sababu ya uanamke hakukutajwa. Siyadharau mapatano hayo, lakini karatasi haimfuati mama porini.

Kilichosaidia ni mambo madogo. Ua wa miiba ulipandwa kuzunguka kambi. Tangu 1998 kuni zikagawanywa, ingawa hazikutosha. Nyumba zilipokuwa na kuni, mashambulio ya porini yalipungua. Lakini, ndugu zangu, mahali pengine yaliongezeka. Kwa hiyo kuni peke yake si ulinzi. Mama huyo ataka pia choo cha karibu chenye mlango, na kadi ya posho yenye jina lake mwenyewe, asije akalala njaa siku mume akiondoka nayo.

Mwajiri akimpeleka mtu mahali pa hatari, sisi hudai ulinzi. Kuokota kuni ni kazi. Na hapa mjini wako wakimbizi watumishi wa nyumbani. Asiye na kibali akinyimwa mshahara, au akishikwa kwa nguvu na bwana wa nyumba, huogopa kushtaki.

Naomba tawi liyapokee malalamiko yake kama ya mwanachama, naye asikilizwe na mwanamke mwenzake, faraghani, wala si pale mezani mbele ya foleni. Bibi Mweka Hazina amekubali kukaa ofisini kila Jumamosi asubuhi kwa kazi hiyo. Anahitaji mtu mmoja ajuaye Kisomali.