Baada ya Jando, Nyumbani na Shuleni Wawe na Neno Moja



Kila Januari, walimu wa Meru na Embu hupokea wavulana waliobadilika. Shule zilipofungwa walikuwa watoto wa gredi ya 6. Zinapofunguliwa wako gredi ya 7, na wengi wao wametoka jandoni. Walio wengi hurudi na adabu. Lakini wapo wanaokataa kufagia darasa kwa kuwa hiyo ni kazi ya watoto, wanaowadharau wenzao wasiotahiriwa, na wanaomjibu mwalimu wa kike kwa ukali. Wakiulizwa, husema wamekuwa wanaume.

Zamani aliyemaliza darasa la 8 alitahiriwa kisha akaenda shule ya upili, mara nyingi ya bweni. Tangu 2023, gredi ya 7 hadi ya 9 zimo katika shule za msingi. Kijana hurudi kwenye ua uleule, pamoja na watoto wadogo na walimu waliomfundisha akiwa mtoto.

Wazazi wengine humwambia mwalimu, "Mchape tu." Mwalimu hawezi. Kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kuumiza mwili au akili ya mwanafunzi. Anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Kilichobaki ni maneno, na maneno ya mwalimu huwa na uzito pale nyumbani wanaposema yaleyale.

Hapo ndipo mzazi ana nguvu ambayo shule haina. Kwa mila ya Wameru, vijana waliotahiriwa waliishi katika gaaru, wakifunzwa mwenendo na waliowatangulia huku wazee wakiangalia. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitalini au katika zahanati, kisha hupona chumbani nyumbani. Zahanati hutunza kidonda. Mafunzo ni kazi ya familia. Mzazi akikaa mbali, nafasi hiyo huchukuliwa na vijana wanaokuja usiku na pombe, miraa na vitisho, na funzo lao huwa kwamba mwanaume hatii mwanamke.

Meru inajua dharau hiyo inaweza kufika wapi. Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki na makumi ya wengine wakabakwa. Heshima kwa msichana na kwa mwalimu wa kike si jambo la kungojea mpaka kijana afike shule ya upili.

Kazi ya pamoja ianze kabla ya shule kufungwa. Mwalimu wa darasa akutane na wazazi wa gredi ya 6, na mzazi aseme kama mtoto ataingia jandoni na nani atakuwa mlezi wake. Mlezi awe mtu mzima mwenye familia na mwenendo unaojulikana. Mwalimu wa kiume akiweza kumtembelea kijana anapopona, kijana ataelewa kwamba nyumbani na shuleni wanajuana. Aambiwe wazi: mwanaume hufagia anapokaa, na mwalimu wa kike ni mwalimu wake kama alivyokuwa.

Januari, wiki ya kwanza, baba, mama au mlezi amfikishe kijana kwa mwalimu wa darasa, na makubaliano yasemwe mbele ya wote watatu. Kosa likitokea, mwalimu apige simu mapema, kabla halijawa la kumrudisha mtoto nyumbani. Mzazi naye asikilize pande zote mbili, wala asimgombeze mwalimu mbele ya mtoto. Kijana akifanya vizuri, simu ipigwe vilevile, ili mzazi asizoee kuitwa kwa ubaya tu.

Mzazi anayechuma majani chai au miraa kwa kibarua hupoteza riziki ya siku akiitwa Jumanne asubuhi. Chama cha wazazi kikubaliane na mwalimu mkuu mkutano uwe Jumamosi au jioni. Wengi watafika.